Waya Gani ya Dikoda na TV? Cheki Nyuma ya TV Kabla Upande Matatu ya Mwingi

Jumapili ya Agosti 3, 2025, Harambee Stars walichapa DR Congo 1-0 pale Kasarani, mechi yao ya kwanza ya CHAN. Nchi nzima iliruka. Anko wangu kule Kyuso alisikia hilo goli kwa redio ya jirani, na huku kwake TV iko mezani, dikoda iko kando, dishi iko juu ya mabati na kifurushi kimelipwa. Kilichokosa ni waya ya kuunganisha dikoda na TV.

Na si ati hakununua. Jumamosi alitoka Kyuso na matatu hadi Mwingi, akaingia duka la vifaa vya umeme, akamwambia kijana wa hapo anataka "waya ya dikoda". Kijana hakuuliza swali hata moja. Akamtolea HDMI nene, imevishwa kitambaa, vichwa vinang'aa kama dhahabu, akamwambia, "Mzee, hii ndio watu wanatumia siku hizi." Anko akalipa. Kufika nyumbani, TV yake ni ile ya kichogo na nyuma hakuna tundu la HDMI hata moja. Waya aliyohitaji ni ile ya rangi tatu, ambayo bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda na kurudi.

Ukiwa Nairobi hiyo ni story ya kucheka, unashuka tu ngazi unanunua ingine. Ukiwa Kyuso, Tseikuru, Ngomeni ama Kamuwongo, kosa la waya ni siku nzima imeenda. Kwa hivyo kaa hapa kidogo tuangalie hii maneno polepole, ndio ukiuza ndengu ujue unaenda kununua nini.

Piga picha nyuma, pande zote mbili

Kitu cha kwanza, toa simu, geuza TV, piga picha ya matundu yote. Halafu geuza dikoda, piga picha ingine. Hizo picha mbili ndizo utaonyesha muuzaji. Waya inachaguliwa na tundu lililo pande zote mbili, si moja tu. Dikoda inaweza kuwa na HDMI na AV, lakini kama TV iko na AV peke yake, basi umeshapata jibu: unanunua AV.

Na usichanganye mambo mawili. Kuna waya inatoka kwa dishi kuingia kwa dikoda, na kuna waya inatoka kwa dikoda kuingia kwa TV. Ni waya tofauti kabisa na kazi zao ni tofauti. Ukisema tu "waya ya dikoda" utapewa yoyote ile, kama anko.

Kuna wasee wanauliza kama TV mpya inahitaji dikoda kweli. Kenya ilizima analogi 2015. Mtakumbuka Februari ya huo mwaka Citizen, NTV na KTN zilipotea hewani karibu wiki tatu juu ya ile vita ya digitali, na zilivyorudi kila mtu alikuwa amejua TV bila dikoda ni meza ya kuweka kitambaa. TV nyingi za siku hizi ziko na dikoda ya erio ndani, hiyo inaitwa DVB-T2. Zingine zimeandikwa T2S2, maanake zinaweza pia kupokea dishi moja kwa moja, lakini kwa chaneli za bure tu. Chaneli za kulipia zinataka dikoda ya kampuni yenyewe. Na kama uko chini ya kilima ambako erio haivuti, dishi ndio rafiki yako, na story ya waya inaendelea.

HDMI: kama iko, tumia hiyo

HDMI ni lile tundu bapa, pana kidogo, pembe mbili za chini zimekatwa. Ndani ina pini 19. Inabeba picha na sauti pamoja, na inabeba kwa digitali, maanake picha inafika kwa TV vile ilitoka kwa dikoda. Kama TV yako ni flati na dikoda ni ya HD, kutumia waya ingine yoyote ni kama kununua asali ya Mwingi halafu unaichanganya na maji.

Sasa, bei. Hapa ndipo watu wanaliwa. Muuzaji atakuambia hii ni ya 4K, hii ni ya 8K, hii ina dhahabu, picha itakuwa kali zaidi. Sikia: dikoda ya kawaida ya HD inatoa 720p ama 1080, basi. HDMI ya bei ya chini iliyoandikwa High Speed inabeba hiyo bila hata kutoa jasho. Kwa sababu ni digitali, waya haiwezi kuongeza rangi wala kung'arisha picha. Inafikisha ama haifikishi. Ikianza kushindwa utaona vidoti vyeupe vinametameta, picha inakatika, ama giza kabisa. Huwezi kuona ati nyasi ya uwanja imepauka kidogo kisa waya ni ya bei rahisi. Ukiona hivyo, ni mipangilio ya TV.

Ile dhahabu ya kwenye kichwa inasaidia kitu kimoja, kuzuia kutu, na hata hiyo inapakwa nyembamba sana. Kyuso ni joto na vumbi, si chumvi ya bahari. Mimi ningeangalia kichwa kinashika vizuri bila kulegea, na waya haijakunjwa vibaya pale shingoni.

Urefu ndio muhimu. Mita moja na nusu inatosha dikoda ikiwa chini ya TV. Hadi mita tano hivi huna wasiwasi. Ukipita hapo, kama unataka kutoa picha kwa duka ipite hadi chumba cha nyuma, HDMI za kawaida zinaanza kuleta noma na hapo ubora wa waya sasa una maana. Nunua inayotosha na nusu mita ya ziada. Usinunue ya mita kumi ukaizungusha nyuma ya meza ati siku moja utahama.

Kitu kingine ambacho kimechoma TV nyingi: usidunge HDMI kama vitu viko na stima. Ushawahi kushika kichwa cha waya ukahisi kama mdudu anakutembelea kidoleni? Hiyo ni stima kidogo inavuja kutoka kwa vifaa vyenye plagi ya pini mbili, havina njia ya kwenda ardhini. Wewe itakusisimua tu, lakini tundu la HDMI linaweza kufa. Toa TV na dikoda ukutani kwanza, unganisha, halafu rudisha.

AV: rangi tatu, na ujinga wake

Hii ndiyo ya TV za kichogo na hata flati nyingi bado ziko nayo. Njano ni picha. Nyekundu na nyeupe ni sauti, nyekundu upande wa kulia, nyeupe wa kushoto. Rangi kwa rangi, imeisha. TV ndogo ikiwa na tundu moja la sauti, weka nyeupe, ile nyekundu iache ikining'inia.

Picha yake haifiki HD. AV inabeba laini 576 za ile mfumo wetu wa PAL, kwa hivyo kwa flati ya inchi 43 utaona watu wamefifia kama wamepigwa picha na simu ya kitambo. Kwa kichogo cha inchi 21 hautajua tofauti, kwa sababu hiyo TV yenyewe haiwezi kuonyesha zaidi.

Sasa ujinga wake. Dikoda nyingi ndogo hazina matundu matatu nyuma, ziko na tundu moja dogo la duara kama la earphone. Ndani ya boksi kunakuja na waya ya kichwa kimoja upande huu na rangi tatu upande ule. Ikipotea ama panya akila, unaenda dukani unanunua inayofanana, unadunga, unapata sauti inanguruma na picha hakuna. Unaambiwa dikoda imekufa. Haijakufa! Kampuni tofauti hupanga hizo nyaya ndani ya kile kichwa kwa mpangilio tofauti, na hakuna mtu huandika kwa paketi. Kabla ulaani mtu, chomoa ile nyekundu uidunge kwa tundu la njano la TV. Picha ikitokea, panga hizo zingine mbili kwa sauti na uendelee na maisha yako. Isipotokea jaribu nyeupe. Zikikataa zote tatu, hiyo waya ni ya kifaa kingine. Ukienda kununua, beba dikoda yenyewe na uulize kama unaweza kuijaribu hapo dukani.

Picha ikija bila rangi, nyeusi na nyeupe, cheki vitu viwili. Kwanza, dikoda imewekwa PAL ama NTSC? Ingia mipangilio uweke PAL. Pili, flati nyingi zina tundu la njano lililochanganywa na la kijani. Hilo linatumika na njia mbili, na ukichagua njia ya component kwa rimoti badala ya AV, rangi inapotea. Rudi kwa kitufe cha Source uchague AV. By the way, nusu ya watu wanaosema waya ni mbaya hawajabonyeza Source. TV iko HDMI 2, waya iko HDMI 1, na fundi ameshaitwa.

Kale kasanduku ka kubadilisha

Kama dikoda yako iko na HDMI peke yake na TV iko na AV peke yake, utahitaji kasanduku ka kubadilisha. Hapa fungua macho, kwa sababu kuna mitego miwili.

Wa kwanza: kuna waya zinauzwa, upande mmoja HDMI, upande ule mwingine rangi tatu, hakuna kasanduku katikati. Inaonekana poa na ni bei ya chini. Kwa dikoda haifanyi kazi. HDMI inaongea digitali na AV inaongea analogi, lazima kuwe na kitu katikati kinatafsiri, na hicho kitu kinakula stima. Kasanduku ka ukweli kako na tundu la USB la kukapatia nguvu.

Wa pili: kasanduku kanapitisha upande mmoja tu. Kwa mgongo wake kameandikwa HDMI2AV ama AV2HDMI, na vinafanana kama mapacha. Wewe unataka HDMI2AV, maanake HDMI inaingia na AV inatoka. Ukibeba ile ingine, hata uigeuze mara ngapi haitatoa picha.

Na hata ukipata ya ukweli, kuna chaneli za kulipia zinaweza kukataa kupita hapo, kwa sababu HDMI ina ulinzi wa kuzuia watu kurekodi. Kwa hivyo jaribu kwa duka. Ukiweza kupata dikoda yenye AV yake, ni afadhali.

TV za kitambo kabisa, zile za Great Wall ambazo watu walikuwa wanawasha na betri ya gari, mara nyingi zina tundu la erio pekee. Hizo zinahitaji dikoda yenye njia ya RF, unatafuta chaneli kwa TV kama vile ulikuwa unatafuta KBC. Dikoda nyingi mpya hazina hiyo njia. Matundu mengine kama VGA na SCART, yaache. VGA ni ya kompyuta na SCART ni ya Ulaya, huku hautayahitaji.

Waya ya dishi ndiyo ya kumwaga doo

Hii ndiyo sehemu watu wanabania, na ndiyo inawasumbua zaidi. Unaona mtu amenunua HDMI ya dhahabu, lakini kutoka kwa dishi ameshusha waya iliyotolewa kwa erio ya zamani, imeunganishwa mara tatu na tepu nyeusi.

Unataka kebo ya RG6, ya ohm 75. Ukisikia RG59, hiyo ni nyembamba na inapoteza nguvu haraka, ni ya kamera na mambo mafupi. Ukiona kebo haijaandikwa chochote kwa ganda, achana nayo.

Sasa elewa kitu kimoja ndio ujue kwa nini. Hii kebo haileti tu picha kutoka juu. Pia inapeleka stima kutoka kwa dikoda hadi kwa lile jicho la dishi, LNB. Dikoda inatuma volti 13 ama volti 18, na hizo volti ndizo zinaambia LNB ishike mawimbi yaliyosimama ama yaliyolala. 13 ni yaliyosimama, 18 ni yaliyolala. Kwa hivyo kama kebo ni mbovu na ndefu, dikoda inatuma 18 lakini juu inafika kidogo sana, LNB inadhani umesema 13. Matokeo ni gani? Nusu ya chaneli ziko fiti, nusu zimeenda. Watu wanapigia kampuni kelele, wengine wanapanda juu kugeuza dishi iliyokuwa imekaa sawa, na sasa wamepoteza hata zile zilikuwa zinashika.

Kebo nyingi za bei ya chini ndani ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa mawimbi si mbaya, kwa sababu mawimbi yanapita juu juu ya waya. Kwa stima ndio shida, chuma kinapitisha vibaya kuliko shaba. Kwa mita kumi au kumi na tano, haitakusumbua. Lakini boma nyingi kule kwetu dishi inafungwa kwa nguzo mbali na nyumba ndio ikwepe mti, na hapo mita thelathini zinaisha haraka. Kwa huo urefu tafuta shaba tupu. Kupima ni rahisi, beba kasumaku kadogo ka spika ya redio mbovu. Kikishika ule waya wa katikati, hiyo ni chuma. Muuzaji atakuangalia vibaya, mwache aangalie.

Rangi pia ina maana. Kwa nje chukua nyeusi iliyotengenezwa kwa jua. Ile nyeupe laini ni ya ndani ya nyumba. Jua la Kyuso litaipasua, maji ya mvua yaingie, na kebo ikishanyonya maji haikauki. Ipitishe juu, mbuzi wasiitafune.

Vichwa vya mwisho ni vile vya chuma vya kuskrubu. Ukikata kebo, zile nyuzi za wavu wa nje zikunje nyuma zote. Unywele mmoja tu ukigusa waya wa katikati, umepiga shoti ile stima inayopanda kwa LNB, na dikoda zingine haziwezi kuvumilia hiyo. Ndio maana unatoa dikoda ukutani kabla ya kufungua ama kufunga hicho kichwa. Kama hauna uhakika, lipa fundi, na umwangalie akifanya. Kabla kebo iingie kwa nyumba, iache ining'inie chini kidogo halafu ipande, ndio maji yadondokee nje badala ya kufuata waya hadi kwa dikoda.

Kama unatumia sola

Angalia maandishi nyuma ya dikoda. Nyingi zinaandikwa 12V, kwa hivyo watu wanazidunga moja kwa moja kwa betri. Inaweza kufanya, lakini hakikisha chanya na hasi hazijabadilishana, na ujue betri ikiwa inachajiwa saa sita mchana inaweza kupita volti 14. Dikoda iliyoandikwa 12 inaweza kuungua hapo. Kuna kifaa kidogo cha kushikilia volti 12 kinauzwa, ni bei nzuri kuliko dikoda mpya. Na tumia waya fupi na nene kutoka kwa betri, ile nyembamba ya spika itafanya dikoda ijizime na kujiwasha usiku kucha.

Mvua za Novemba zikianza, radi ikisikika mbali, chomoa vitu viwili: plagi ya ukutani na ile kebo ya dishi nyuma ya dikoda. Watu huchomoa plagi pekee, wakasahau kuna chuma kiko juu ya mabati kimeunganishwa hadi sebuleni.

Anko alipata AV yake katikati ya wiki, jirani alikuwa na moja kwa droo. Picha ilikataa kwanza, akanipigia, nikamwambia aweke nyekundu kwa njano. Agosti 10, Kenya wakapiga Morocco 1-0 na safari hii aliona goli kwa macho yake, na susu akaulizia kwa nini hao vijana wanavaa nyekundu. Ile HDMI ya dhahabu bado iko kwa paketi yake. Duka lilikataa kuirudisha.